Gusberi nyumbani: majani kibao matunda hamna, ubwiri unga na viwavi (uzi mrefu, karibuni)

Kichaka_Wazi

Habari zenu wakuu, nimesoma humu kimya kimya muda mrefu, leo nimeona nifungue uzi wa gusberi maana kila nikipita nakuta maswali ni yale yale. Kichaka kimenawiri majani kibao ila matunda ya kuhesabu, au matunda yapo lakini yamevaa unga mweupe, au jana majani yalikuwepo leo umeamka unakuta vijiti vitupu. Yote matatu yamenikuta kwenye vichaka vyangu, na yote matatu nikiyafuatilia narudi pale pale, katikati ya kichaka palikuwa pamefungana. Hilo ndo hasa nimekuja kulisema, mengine ni nyongeza.

Nilipanda miche mitatu miaka sita iliyopita. Mi nilitokea kwenye mboga za majani kwa hiyo akili yangu yote ilikuwa mbolea tu, nikawa naimwagia samadi ya kuku kila nikipata nafasi. Aisee ilikua! Machipukizi yanarefuka nusu mita kwa msimu mmoja, laini, kijani kibichi, napita kila asubuhi naangalia nafurahi. Kupogoa sikutaka hata kusikia, niliona uchungu kukata kitu kinachokua vizuri hivo, alafu miiba yake hatari, ukiingiza mkono katikati unatoka na damu. Msimu wa tatu vichaka vikawa kama mpira, huoni ndani kuna nini. Ndo ubwiri unga ukaingia. Ulianzia kwenye ncha za yale machipukizi laini niliyokuwa najivunia, unga mweupe, ukageuka utando wa kahawia, ukahamia kwenye matunda. Karibu mavuno yote nilitupa.

Msimu uliofuata wakaja viwavi. Hawa nawaambieni ukweli sikuwaona kabisa mpaka kichaka cha kwanza kimekwisha majani. Ni viwavi wa kijani mpauko, kichwa cheusi, madoa madoa meusi mwili mzima, na mama yao ni kidudu mfano wa nzi mwembamba mwenye tumbo la njano. Anataga mayai chini ya jani, juu ya mishipa ya jani, yamepangana mstari kama shanga. Na anaanzia wapi kutaga? Chini kabisa, katikati ya kichaka, pale pale ambapo mi nilikuwa sioni. Watoto wake wanakula kutoka ndani kuja nje, kwa hiyo ukiona majani ya nje yameanza kuliwa ujue ndani walishamaliza siku nyingi.

Basi majani yalipopukutika vichaka vimelala kwa baridi nikavaa glavu nene za ngozi nikaingia kazini. Kwanza nikatoa vyote vilivyokufa, vilivyovunjika na vinavyosuguana. Alafu matawi yote yaliyolala chini yanagusa udongo, haya hata ukiyaonea huruma matunda yake yanachafuka na mvua ikirusha matope. Alafu ndo katikati, kila tawi linaloelekea ndani nikaliondoa mpaka kwenye chimbuko lake, sio kukata ncha, ukikata ncha tu linatoa mengine matatu na yote yanarudi ndani. Nikabakiza matawi makuu nane mpaka kumi hivi yaliyotanuka kuelekea nje, kichaka kikakaa kama bakuli, na chini nikaacha shina moja tupu kama sentimita 10 mpaka 15 kutoka ardhini ili upepo upite. Kipimo changu ni kimoja, mkono wenye glavu uweze kushuka mpaka katikati na kutoka bila kukwama. Ukikwama, bado hujamaliza.

Yale makuu niliyobakiza nikayapunguza urefu, ule mkuo wa mwaka huo tu, karibu nusu, nakata juu kidogo ya jicho (kale kauvimbe kwenye tawi kanakotoa chipukizi) linalotazama nje. Kama aina yako matawi yake yanainama sana basi chagua jicho linalotazama juu, vinginevyo baada ya miaka miwili kichaka kizima kinalala chini. Vitawi vya pembeni nikavifupisha vikabaki na macho mawili matatu. Hapa watu wengi wanaogopa wanadhani wanakata matunda, lakini gusberi inazaa kwenye vile vitawi vifupi vya matawi ya miaka miwili mitatu na kwenye chimbuko la tawi la mwaka jana, kule mwishoni mwishoni unakoona fimbo ndefu hakuna cha maana unachopoteza.

Kiangazi napita tena kidogo tu, machipukizi mapya ya pembeni nayakata yabaki majani matano. Hii inatoa zile ncha laini ambazo ubwiri unazipenda na jua linafika kwenye matunda.

Ila sikufanya yote mwaka mmoja na nawaomba msifanye hivo kwa kichaka kilichofungana. Nilitoa karibu theluthi ya matawi ya zamani majira ya baridi ya kwanza, mengine yaliyofuata. Kichaka kimoja nilikikata kupita kiasi, kikajibu kwa kutoa fimbo wima nyingi zisizo na tunda hata moja, mpaka leo bado kinajikusanya.

Samadi ya kuku nikaacha kabisa. Saivi naweka mboji ya kawaida kama matandazo pamoja na potasi mara moja kwa mwaka macho yanapoanza kuvimba, basi. Msimu uliopita vile viwili vizima vilinipa kama kilo 3 na kitu kila kimoja, bila unga. Wenye uzoefu zaidi mnirekebishe, na wenye maswali leteni.

Chipukizi_Jipya

Asante sana mkuu kwa kushusha nondo. Swali la mwanafunzi, hii gusberi ni ile yenye ganda kama karatasi, ukifungua ndani tunda la njano kama nyanya ndogo? Maana mi hiyo ndo naijua na haina miiba.

Kichaka_Wazi

Hapana ndugu yangu, na vizuri umeuliza. Ile ya ganda la karatasi ni ukoo wa nyanya na mnavu, kitaalamu Physalis peruviana, wanaiita gusberi kwa jina tu. Ninayoongelea ni Ribes uva-crispa, kichaka cha miiba kisichozidi mita moja na nusu, tunda lina mistari mistari unaiona kama mishipa ndani ya ngozi, wakati mwingine lina vinyweleo, linakuwa kijani, njano au jekundu kutegemea aina. Usichanganye matunzo maana ile ya karatasi inataka joto na baridi ikiganda inakufa, hii ya miiba bila baridi haizai.

Chipukizi_Jipya

Kumbe! Basi nilichopewa na jirani ni hii ya miiba. Miche miwili, bado ipo kwenye ndoo. Naipanda vipi sasa, na je miwili inatosha kuchavushana?

Bi_Mikasi

Naomba nimjibu Chipukizi, kaka Kichaka apumzike kidogo maana kaandika sana.

Hata mmoja ungetosha mdogo wangu, gusberi inajichavusha yenyewe, inachohitaji ni nyuki wa kubeba tu. Chimba shimo pana kuliko kina, changanya na mboji iliyoiva vizuri, panda kwenye kina kile kile ilichokuwa kwenye ndoo, utaona alama ya udongo kwenye shina. Mche na mche acha mita 1.2 mpaka 1.5, usidanganyike na udogo wake wa sasa. Jua la kutosha ni zuri na tunda linakuwa tamu zaidi, ila gusberi ni katika matunda machache yanayovumilia kivuli cha nusu siku, na kama kiangazi chenu ni kikali basi kivuli cha mchana ni msaada mkubwa kwake, matunda yanaungua na jua kabisa. Isichopenda ni miguu kukaa kwenye maji, udongo unaotuamisha maji tafuta pengine au inua tuta. Na sehemu ya bondeni ambayo baridi inatuama usiku pia epuka, nitasema kwa nini.

Mizizi yake ipo juu juu. Jembe usipitishe karibu, palilia kwa mkono alafu funika na matandazo sentimita 5 hivi, yasiguse shina.

Kwa nini nimesema bonde, gusberi inawahi sana kuchanua, wakati usiku bado unaweza kuleta jalidi, yaani baridi ya kugandisha. Maua yakipigwa usiku mmoja tu umeaga mavuno. Mi nafunika na kitambaa chepesi cheupe cha bustani jioni, asubuhi nafunua. Kufunua ni lazima, nilisahau siku nne mfululizo mwaka mmoja, maua hayakupata jalidi lakini na nyuki pia hawakuingia, nikavuna kiganja.

Mzee_wa_Matunda

Nimesoma uzi wote, kijana umeeleza vizuri sana na nimefurahi kuona umesema bakuli, sisi ndivyo tulivyofundishwa. Nina mambo machache ya kuongeza.

La kwanza ni ndege. Kuna mahali ndege wanakula macho ya gusberi wakati wa baridi kali, wanayadonoa moja moja tawi zima linabaki tupu. Ukiwa umeshapogoa mapema wakaja kula yale macho uliyobakiza, huna tena cha kuchagua. Kama una ndege hao subiri mwisho wa baridi, macho yanapoanza kuvimba tu, upogoe ukiona lipi zima na lipi limeliwa, au weka wavu mapema. Na matunda yakianza kuiva wavu ni lazima, ndege hawasubiri.

La pili, huo ubwiri. Ugonjwa huo asili yake Marekani, ulifika Ulaya karibu na mwaka 1900 na ukafagia bustani za gusberi, maana aina za Ulaya hazikuwa zimewahi kukutana nao. Ndio maana mpaka leo aina nyingi za zamani zenye ladha nzuri ni dhaifu kwake. Leveller kwa mfano, ya njano, tunda kubwa tamu, lakini inataka udongo mzuri na ubwiri unaipenda. Anayeanza namshauri aina zenye ukinzani. Invicta ya kijani inazaa sana ila miiba yake si mchezo. Hinnonmäki za Finland, nyekundu na njano, zinastahimili baridi kali na ladha yake nzuri. Anayeogopa miiba atafute Pax au Captivator, hizo karibu hazina miiba, zote nyekundu.

Ukinzani lakini si kinga. Invicta yenyewe haipati ubwiri kirahisi, ila viwavi wanaila kama nyingine tu.

La tatu, maji. Ubwiri unapenda mche wenye kiu, mizizi imekauka huku juu hewa imetuama na ina unyevu. Mwagilia chini kwenye shina na mwagilia kwa utaratibu. Ukiacha udongo ukauke wiki tatu alafu matunda yanakaribia kuiva ukamwaga ndoo kumi, yanapasuka yote.

Kichaka_Wazi

Shikamoo mzee wangu, asante sana. La maji lilinipita kabisa, mi nilikuwa namwagilia kwa mpira juu ya majani.

Mzee_wa_Matunda

Marahaba mwanangu. Acha hiyo ya juu, hasa jioni.

Sululu_Nyekundu

Wakuu mi nina vichaka vinne vina miaka minane na sijawahi kuweka potasi. Majani ya chini kingo zake zinakuwa kahawia kama zimeunguzwa na moto, katikati ya jani bado kijani. Ni ugonjwa?

Bi_Mikasi

Hiyo kwa maelezo yako ni njaa ya potasi, ndo dalili yake kabisa, kingo kuungua. Gusberi ni mlafi wa potasi kuliko mimea mingi ya matunda. Mbolea ya salfeti ya potasi kiganja kimoja kila kichaka, nyunyiza kuzunguka kichaka kinapoanza kuamka alafu rudisha matandazo. Majivu ya kuni pia yanasaidia, ya kuni safi tu isiyo na rangi, ila weka kidogo maana majivu yanapandisha pH ya udongo na gusberi inataka uchachu kidogo, pH 6 mpaka 6.5 hivi. Majivu yatunze mahali pakavu mpaka siku ya kuyatumia, yakinyeshewa potasi yote imeondoka na maji unabaki unamwaga vumbi.

Sululu_Nyekundu

Asante dada. Na hao viwavi, mnapulizia nini? Mwaka jana walikula vichaka viwili vyote nikajua vimekufa.

Kichaka_Wazi

Havikufa mkuu, utaona vinachipua tena, mzizi mzima. Ila kichaka kilichonyolewa majani hakina chakula cha kujiwekea, mwaka unaofuata matunda yanapungua sana, na kikinyolewa miaka miwili mitatu mfululizo hapo ndo kinadhoofika kweli.

Kupulizia mi nimejaribu dawa ya pareto, inaua ukiwagusa, lakini lazima iwafikie wenyewe, chini ya jani, ndani ya kichaka, na kichaka kikiwa kimefungana dawa yote inaishia kwenye majani ya juu. Na kamwe usipulizie kwenye maua, unaua nyuki wako mwenyewe. Kama ni lazima basi jioni nyuki wamelala na maua yameshapukutika. Wapo pia wanaotumia nematodi, minyoo midogo mno isiyoonekana kwa macho, wa kupulizia kwenye majani, wale wanamwingia kiwavi na kumuua, wanataka hali ya unyevunyevu wasikauke.

Ila kinachonisaidia saivi ni macho na vidole. Tangu majani yanapokunjuka kila baada ya siku tatu nne nachuchumaa nainua matawi ya chini naangalia upande wa chini wa majani ya ndani. Nikikuta ile mistari ya shanga nyeupe nachuma jani zima. Nikikuta vitobo vidogo vidogo kama vya sindano kwenye jani moja ujue wameshaanguliwa na wote bado wapo pale pale pamoja, jani moja unatoa familia nzima. Ukichelewa wiki moja wameshasambaa. Na usidhani ukimaliza wa kwanza umepona, wanaweza kuja vizazi vitatu kwa msimu mmoja, wakishiba wanashuka kwenye udongo chini ya kichaka wanajigeuza na kupanda tena wakiwa na mabawa. Kwa hiyo kukagua ni mpaka mwisho wa kiangazi.

Kichaka kilicho wazi unakikagua dakika mbili. Kile changu cha zamani hata saa nzima ingepita nisingeona kitu.

Mzee_wa_Matunda

Sahihi. Na usimchanganye na vidukari. Ukiona majani ya nchani yamejikunja na kusongamana hao ni vidukari, siyo viwavi. Kata zile ncha tu uziharibu, wakati wa kupogoa kiangazi wanaondoka nazo.

Joto_Daima

Samahani wadau, ninapoishi baridi ya kuganda haijawahi kutokea, usiku wa baridi sana ni nyuzi 15. Nilipanda gusberi hizi za miiba miaka mitatu sasa, hai lakini hazichanui kabisa. Nimepogoa, nimeweka potasi, nimebadilisha hata sehemu.

Bi_Mikasi

Pole sana ndugu, na najua umejitahidi. Tatizo halipo kwenye matunzo yako. Gusberi inahitaji kulala, yaani ipate saa nyingi za baridi chini ya nyuzi 7 wakati haina majani, kwa aina nyingi tunaongelea saa 800 mpaka zaidi ya 1000 kwa msimu. Bila hapo macho hayajui kama mwaka umegeuka. Hakuna mbolea wala mkasi unaoziba pengo hilo. Kwa nyuzi 15 mi ningekwambia ukweli, tumia sehemu hiyo kwa ile gusberi nyingine ya ganda la karatasi, hiyo kwako itastawi.

Joto_Daima

Nimekuelewa dada. Inauma lakini bora nimejua, nilikuwa nimeshaanza kujilaumu.

Ndoo_Tatu

Mi sina ardhi, nina baraza tu, baridi ipo ya kutosha. Ndoo inafaa?

Mzee_wa_Matunda

Inafaa. Chombo kipana angalau sentimita 40, kina matundu ya kutosha chini, na udongo wenye uzito, usitumie mboji tupu maana inakauka na kunywea, mche unabaki unaelea. Kwenye chombo kiu inakuja haraka sana, kiangazi ni kukagua kila siku. Ukiwa na ukuta unaweza pia kuilea kwa shina moja wima, unaifunga kwenye mti au waya, vitawi vyote vya pembeni unavifupisha kama alivyoeleza kijana. Kwa mtindo huo waweza kupanda kila sentimita 35 hivi, na kuvuna hakuchomi kwa sababu kila tunda lipo mbele ya macho yako. Matunda ni machache kwa mche lakini ni makubwa.

Kichaka_Wazi

Kuhusu ukubwa niongeze kitu ambacho watu wengi hawafanyi, kupunguza matunda. Yakiwa bado machanga, yamefika kama punje ya njegere kubwa, pitia uchume moja uache moja, yale machanga ni ya kupika, yaliyobaki yanapata nafasi yanajaa yanaiva na kuwa matamu. Ni mavuno mawili kwenye kichaka kimoja. Kule Uingereza kuna watu wanashindania uzito wa gusberi moja moja, iliyovunja rekodi mwaka 2019 ilikuwa gramu 64.83, hiyo inakaribia uzito wa yai la kuku, tunda moja! Sisemi tufike huko ila inaonyesha kichaka kinaweza nini kikiachiwa matunda machache.

Mti_na_Mzizi

Mi nipo Marekani, nimeambiwa gusberi ni haramu kupanda, kweli?

Mzee_wa_Matunda

Ilikuwa hivyo. Kuna kutu, ugonjwa wa kuvu, inayoua misonobari yenye sindano tano tano, na kutu hiyo ili imalize mzunguko wake inahitaji pia mimea ya ukoo wa gusberi na karanti. Serikali kuu ilipiga marufuku mapema karne ya 20, ikaondoa mwaka 1966, lakini baadhi ya majimbo bado yana masharti yake, mengine yanakataza kabisa au maeneo fulani tu. Uliza idara ya kilimo ya jimbo lako kabla hujaagiza mche.

Ndoo_Tatu

Swali la mwisho kwangu, jirani ana kichaka kizuri sana ameniruhusu nichukue. Nang'oa au nakata?

Bi_Mikasi

Kata vipandikizi, usimharibie mwenzio. Majani yanapoanza kupukutika chukua fimbo ya mwaka huu iliyonyooka, nene kama penseli, urefu sentimita 25 mpaka 30. Ncha laini itoe. Macho ya chini yakwangue yote ubakize matatu manne ya juu, ili baadaye usipate machipukizi kutoka chini ya udongo. Ichomeke nusu yake ardhini mahali penye unyevu, kanyaga udongo ushike, acha mwaka mzima. Gusberi ni mgumu kutoa mizizi kuliko karanti, kwa hiyo ukitaka miche miwili choma vipandikizi sita. Ukiwa na haraka kidogo omba jirani akuruhusu uinamishe tawi moja la chini, ulibane udongoni na jiwe, lenyewe linatoa mizizi huku bado linanyonya kwa mama, mwaka ujao unalikata.

Na hakikisha kichaka chenyewe hakina unga. Ubwiri unakaa kwenye machipukizi wakati wa baridi, utajipelekea nyumbani.

Chipukizi_Jipya

Wakuu nimerudi. Miche yangu nilipanda kama Bi Mikasi alivyosema, mita 1.3, matandazo nimeweka. Sasa majani yamekunjuka na kuna maua mawili matatu. Leo nimechuchumaa nikainua tawi la chini kabisa kwenye mche wa kwanza na nimekuta mstari wa vitu vyeupe kwenye mshipa wa jani, kama kumi na mbili hivi, vidogo mno. Ni hao?

Kichaka_Wazi

Ni hao. Chuma jani zima, usilitupe chini ya mche, lipondeponde au liweke kwenye maji ya sabuni. Kagua jani kwa jani zile za ndani, alafu rudi siku ya tatu. Na hayo maua ya mwaka wa kwanza mche ukiwa mdogo yatoe tu, nguvu iende kwenye mizizi, matunda ya maana utayaona mwaka wa tatu hivi, na kichaka kikitunzwa kinazaa miaka 15 na zaidi, kwa hiyo hujakosa kitu.

Chipukizi_Jipya

Jani nimechuma. Maua nimetoa mawili, moja nimeliacha, nyuki alikuwa juu yake.

Chipukizi_Jipya

Siku ya tatu. Mche wa kwanza jani jingine moja, vitobo vya sindano vinane na viwavi wadogo kama uzi, wote walikuwa hapo hapo pamoja kama ulivyosema, nimetoa. Mche wa pili nimeingiza mkono mpaka katikati, hauna kitu.